Kidole au Mnyoo?

Msomaji, yamkini umepata kusikia kwamba fulani amepasuliwa kidole tumbo. Hicho ni kiutumbo chembamba, urefu wake kama sentimita 9, kilichoziba nchani, nacho huning'inia upande wa kulia wa tumbo, pale utumbo mpana uanzapo. Sisi tulikifananisha na kidole. Wataalamu wa Ulaya, walioandika kwa Kilatini, walikiona kama mnyoo, wakakiita appendix vermiformis. Neno la kwanza latokana na appendere, yaani kutundika. La pili limeungwa kwa vermis, mnyoo, na forma, umbo. Maana yake basi ni kitu kilichotundikwa chenye umbo la mnyoo.

Usidhani kuwa Warumi wa kale ndio waliokipa jina hilo. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2, ambaye vitabu vyake viliheshimiwa kwa zaidi ya miaka 1,000, hakukieleza. Yeye alijifunza kwa kupasua wanyama, hasa kima, nao kima wale hawana kidole tumbo! Ilibidi kungoja karne ya 16, maiti za wanadamu zilipochunguzwa kwa bidii huko Italia. Andreas Vesalius alikichora katika kitabu chake cha mwaka 1543.

Hata hivyo, jina lilieleza sura tu. Kwa muda wa miaka 300 na zaidi watu waliendelea kufa kwa maumivu ya upande ule, na matabibu wengi wakailaumu sehemu ya jirani iitwayo caecum, maana yake kipofu, kwa kuwa ni kama mfuko usio na tundu la pili. Kwa maoni yangu, kipofu huyo alionewa sana. Mwaka 1886 Reginald Fitz wa Boston, Marekani, alithibitisha kwamba mara nyingi chanzo ni ule mnyoo, unaovimba, ukaoza na kupasuka. Akahimiza wagonjwa wapasuliwe mapema.

Wengi walisitasita. Lakini mwezi wa Juni 1902, siku mbili tu kabla ya kutawazwa, Mfalme Edward VII wa Uingereza alizidiwa na ugonjwa huo huo. Alitaka sherehe iendelee. Daktari wake, Frederick Treves, akakataa, akampasua mle mle ndani ya jumba lake na kuutoa usaha. Mfalme alipona, akavikwa taji tarehe 9 Agosti.