Mrututu Kwenye Mvinyo Safi

Rafiki yangu alinimiminia glasi mbili. Ya kwanza, akasema, ni ya kilimo hai. Nikaisifu: naonja udongo wenyewe. Ya pili nikaona inanuka dawa. Kumbe zote zilitoka chupa moja.

Niliona haya, maana utafiti wangu wa uzamili unahusu mashamba ya Bordeaux. Huko, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Niliposoma habari hiyo niliwacheka.

Lakini neno "dawa" ndilo linalonisumbua. Miaka ya 1880 wakulima wa Médoc waliipaka mizabibu ya kando ya barabara rangi ya buluu, zabibu zionekane zina sumu na wapita njia wasiziibe. Profesa Millardet akagundua kuwa mizabibu hiyo haikushikwa na ubwiri vinyoya. Mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko: mrututu na chokaa.

Babu yangu alipulizia kahawa yake mrututu huohuo, Kilimanjaro. Hakuna aliyewahi kumwita mkulima wa kilimo hai. Ulaya shaba inaruhusiwa hata katika kilimo hai, mwisho kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7, na shaba haiozi, hubaki ardhini. Ndiyo hoja ya wapinzani, na mimi nakubaliana nao nusu.

Udongo niliousifu, basi, huenda ulikuwa na shaba tele.

Nilimwomba rafiki amimine tena, safari hii akae kimya.