Tanuri, Ushuru na Meza: Historia ya Umbo la Glasi ya Mvinyo

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyeishi Misri aliandika mwongozo wa bandari za Bahari ya Hindi, ambao tunaujua hadi leo kwa jina la Periplus. Alipofikia Azania, yaani pwani yetu hii, akaorodhesha vitu vilivyoletwa na vyombo kutoka Muza, bandari ya Yemeni: mikuki, vishoka, majambia, na aina mbalimbali za vito vya kioo. Mahali pengine, akaongeza, walishusha pia mvinyo na ngano, wakitoa kwa ajili ya kuwakirimu wenyeji ili urafiki udumu. Kioo na mvinyo vilifika kwetu katika shehena moja, kila kimoja na kazi yake: kioo kuwa pambo, mvinyo kuwa takrima. Zama hizohizo, kaskazini ya Misri, mafundi wa pwani ya Shamu walikuwa wameshaanza kuviweka viwili hivi pamoja.

Anayeingia leo katika duka kubwa la vyombo ataoneshwa glasi ya Bordeaux, glasi ya Burgundy, glasi ya mvinyo mweupe, ya sheri, ya champagne, na ataambiwa kwamba kila zabibu ina glasi yake. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya habari. Glasi hizi zimepewa umbo na moto wa tanuri, na mtoza ushuru, na mtumishi aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wake. Mvinyo wenyewe ulipata sauti ya kweli katika shauri hili karne ya 20 tu. Mnunuzi anayeijua historia hiyo hachagui kwa kubahatisha.

Wagiriki wa kale walinywa kwa kiliksi, kikombe cha udongo kilichochomwa, kipana kama sahani yenye kina kidogo, chenye masikio mawili. Mvinyo ulichanganywa kwanza na maji katika chungu kikubwa, kisha ukagawiwa kwa wageni waliojilaza makochini. Kwa mtu aliyeegemea kiwiko, kikombe kipana cha masikio kilishikika vyema. Tena kilifaa kwa mchezo wao wa kottabos, ambapo mnywaji alipitisha kidole kwenye sikio la kikombe na kurusha mashapo kulenga shabaha. Harufu ya mvinyo haikuwa na pa kukaa katika chombo kilicho wazi kiasi kile, na kwa mvinyo uliozimuliwa kwa maji huenda hakuna aliyeona hasara.

Mabadiliko makubwa yalitokea katikati ya karne ya 1 kabla ya Kristo, pale mafundi wa upande wa Shamu na Palestina walipogundua kupuliza kioo. Takataka za karakana ya wakati huo zimefukuliwa Yerusalemu. Kabla ya hapo, chombo cha kioo kilitengenezwa kwa kazi ya polepole ya kukimimina au kukizungusha kwenye kiini. Baada ya hapo, pumzi ya fundi mmoja ilitosha kutoa kikombe kwa dakika chache. Bei ikashuka. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alishuhudia kwamba kwa kunywea, watu wa zama zake walikuwa wanapendelea kioo kuliko dhahabu na fedha. Kioo hakiachi ladha yake katika kinywaji, na kinaonesha rangi. Sifa hizo mbili hazijapata mshindani tangu hapo.

Baada ya Roma kudhoofika, ufundi bora ulibaki katika miji ya Kiislamu. Damasko, Halab na Kairo zilitoa vyombo vya kioo vilivyonakshiwa kwa dhahabu na rangi, ambavyo Wazungu waliovipata walivitunza kama hazina. Kisha zamu ikawa ya Venisi. Mwaka 1291 serikali ya mji huo iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano kwa kuhofia moto. Katikati ya karne ya 15, fundi Angelo Barovier alifanikiwa kutengeneza kristallo, kioo kisicho na rangi, kwa kusafisha majivu ya mimea yaliyoletwa kutoka mashariki ya Mediterania na kuongeza manganizi kidogo kuondoa ukijani. Kioo hicho kilipulizwa kikawa chembamba mno, na kilipendeza zaidi kwa maumbo mapana na miguu mirefu.

Mwangalie Bakusi, mungu wa mvinyo, wa mchoraji Caravaggio, mchoro wa miaka ya mwisho ya 1590 uliopo katika jumba la Uffizi, Florence. Kijana mwenye shada la majani ya mizabibu kichwani ananyoosha mkono wa kushoto, vidole vimeshika glasi pana ya Kivenisi. Mvinyo mwekundu umefika karibu na ukingo, na juu yake mchoraji ameweka miduara ya mawimbi madogo, kana kwamba mkono unatetemeka. Kwa macho ya leo glasi hiyo haifai kabisa: ni pana, imejaa, harufu yote inapaa hewani. Lakini fundi wa Murano hakuwa akifikiria pua. Alitaka watu waone jinsi kioo chake kinavyokaribia kutoonekana, na umbo hilo lilimtendea haki.

Kaskazini ya milima ya Alpi mambo yalikuwa mengine. Mafundi wa Ujerumani walijenga matanuri misituni na kutumia majivu ya miti, na chuma kilichomo mchangani kikakipa kioo chao rangi ya kijani. Huko ndiko ilikozaliwa römer, glasi yenye tumbo la mviringo juu ya mguu mnene uliobandikwa vinundu vya kioo, vingi vikiwa na umbo la tunda la rasiberi. Vinundu hivyo vilikuwa na kazi. Watu walikula kwa mikono, vidole vikawa na mafuta, na glasi laini ingeponyoka. Sisi tunaokula pilau kwa mkono tunaielewa hekima hiyo bila kuelezwa. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, kama Pieter Claesz na Willem Claeszoon Heda, waliipenda sana, na mara nyingi utaiona katika michoro yao karibu na limau lililomenywa nusu. Mabaki ya utamaduni huo ni zile glasi za mguu wa kijani zinazotumiwa bado kwa mvinyo mweupe wa bonde la Rhine na Alsace. Ukijani ule, uliotokana na mchanga usiosafishika, umegeuka kuwa adabu ya mezani.

Uingereza ndiyo iliyochangia sura iliyojaa visa kuliko zote. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza alipiga marufuku kuchoma kuni katika matanuri ya kioo, kwa kuwa mbao zilihitajika kwa merikebu. Mafundi wakahamia makaa ya mawe. Mwaka 1674 George Ravenscroft alipewa hataza ya kioo kipya. Vyombo vyake vya mwanzo viliingia ukungu na vijinyufa, hadi alipoongeza oksidi ya risasi katika mchanganyiko. Kioo cha risasi kilikuwa kizito, kiling'aa, na ukikigonga kwa kucha kilitoa mlio kama wa kengele. Ravenscroft akaanza kugonga muhuri wa kichwa cha kunguru kwenye kazi zake. Kwa kuwa kioo hicho hakikukubali madoido membamba ya Kivenisi, Waingereza walijenga glasi za maumbo machache yenye miguu imara, na uzuri wake ukawa katika uwiano wa tumbo na mguu.

Kisha ukaja ushuru. Bunge liliupitisha mwaka 1745, nao ulitozwa kwa uzito. Karakana zikatafuta njia ya kupunguza gramu: matumbo yakawa madogo, miguu ikakonda, na mafundi wakazungusha nyuzi za hewa ndani ya mguu, zikapanda kama kamba iliyosokotwa. Wakusanyaji wa leo hulipa fedha nyingi kwa glasi hizo, nami naona ni miongoni mwa vyombo vizuri kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa Ulaya. Ireland haikubanwa na ushuru huo, na baada ya kuruhusiwa kusafirisha kioo nje mwaka 1780 ikageuka kimbilio. Karakana ya Waterford ilifunguliwa mwaka 1783 na kutoa glasi nene zilizochongwa ambazo London isingethubutu kuzitengeneza. Ushuru ulifutwa mwaka 1845. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliopima glasi 411 na kuchapisha matokeo mwaka 2017 walikuta kwamba glasi ya mvinyo ya Uingereza ya miaka ya 1700 ilibeba wastani wa mililita 66, na ya sasa mililita 449. Babu wa mnywaji wa leo alikunywa kutoka chombo kilichokaribia ukubwa wa kikombe cha kahawa chungu.

Hadi karne ya 19, wazo la glasi maalumu kwa kila mvinyo halikuwa na nafasi, na hapa nasema nafasi kwa maana halisi. Katika nyumba nyingi za wakubwa wa karne ya 18 vyakula vyote vya mkupuo mmoja viliwekwa mezani pamoja, hivyo meza ilijaa. Glasi zilikaa pembeni. Mgeni alimwita mtumishi, akaletewa glasi, akainywa, nayo ikarudishwa kuoshwa katika bakuli la maji baridi. Karne ya 19 ilileta mtindo ulioitwa wa Kirusi, unaohusishwa na Alexander Kurakin, balozi wa Urusi mjini Paris: chakula kinaletwa kimoja baada ya kingine. Meza ikapata uwazi mbele ya kila mgeni, na kila chakula kikaja na mvinyo wake. Uwazi huo ukajazwa glasi. Viwanda kama Baccarat, kilichoanzishwa mwaka 1764, vilikuwa tayari kuuza seti nzima zenye ukubwa tofauti na mchongo mmoja. Ukizitazama seti hizo utaona kwamba umbo ni lilelile, limepunguzwa au kuongezwa tu. Ilikuwa safu ya heshima.

Champagne ilikuwa na kisa chake. Glasi nyembamba ya karne ya 18, iitwayo filimbi, iliondolewa na kikombe kipana cha mguu, ambacho ngano mashuhuri inadai kilifinyangwa kwa kufuata titi la Malkia Marie Antoinette. Hakuna ushahidi wowote wa hilo. Kikombe hicho kilitawala sherehe kwa zaidi ya miaka mia, ingawa gesi hutoroka humo upesi. Gérard Liger-Belair wa Chuo Kikuu cha Reims alipima jambo hili kwa vyombo vya maabara: juu ya filimbi gesi ya ukaa hukusanyika kwa wingi kuliko juu ya kikombe kipana, kiasi cha kuchoma pua. Ameonesha pia kwamba viputo huanzia kwenye nyuzi ndogondogo za kitambaa au vumbi zilizonasa ndani ya glasi. Ndiyo maana wengi wanaoijua champagne sasa wameiacha filimbi pia, wakachagua glasi yenye tumbo dogo katikati na mdomo unaojikunja ndani.

Mtu aliyelipindua jambo zima alikuwa Claus Josef Riedel, aliyezaliwa Bohemia mwaka 1925 katika ukoo wa mafundi wa kioo. Viwanda vya ukoo vilitwaliwa mwaka 1945, na Riedel akaanza upya Kufstein, Austria, mwaka 1956. Mwaka 1958 alitoa glasi ya Burgundy isiyo na nakshi, isiyo na mchongo, nyembamba ukingoni, yenye tumbo la kubeba zaidi ya lita moja. Wengi waliiona ni tangi la samaki. Lakini alikuwa ameuliza swali ambalo karne zote zilizotangulia hazikuliuliza: harufu itakaa wapi? Mwaka 1973 akaleta mfululizo kamili kwa aina mbalimbali za mvinyo.

Maelezo yaliyotolewa kuzinadi glasi hizo yalikuwa dhaifu kuliko glasi zenyewe. Ilisemwa kwamba umbo hupeleka mvinyo sehemu fulani ya ulimi, utamu mbele, uchachu pembeni, uchungu nyuma. Ramani hiyo ya ulimi ilitokana na utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, uliochorwa upya na Edwin Boring wa Harvard mwaka 1942 kwa namna iliyozifanya tofauti ndogo zionekane kubwa. Ulimi huhisi ladha zote kila upande. Ushahidi wenye nguvu ulitoka Tokyo mwaka 2015, pale mtafiti Kohji Mitsubayashi na wenzake walipopiga picha ya mvuke wa kileo juu ya mvinyo. Katika glasi ya mvinyo yenye ubaridi wa nyuzi 13, mvuke ulifanya pete kwenye ukingo na kuacha katikati pakiwa na kileo kidogo, mahali pua inapoingia. Katika glasi iliyonyooka pete hiyo haikuonekana.

Kwa hiyo nachukua mambo manne kuwa ya lazima: kioo kisicho na rangi, ukingo mwembamba, mdomo mdogo kuliko tumbo, na mguu. Mvinyo mwekundu wenye harufu nyingi unataka tumbo kubwa. Mweupe unataka dogo ili umalizike ukiwa bado baridi. Sheri na porti, zenye kileo kikali, zinataka dogo zaidi. Mengine ni mapambo, na mapambo nayo yana haki yake mezani. Kwetu mguu una uzito kuliko Ulaya. Mvinyo mwekundu hupendeza ukiwa nyuzi 16 hadi 18, na katika chumba cha Dar es Salaam cha nyuzi 30 kiganja kilichokumbatia bilauri kinaumaliza kwa dakika chache. Nimeona mvinyo mzuri wa Dodoma, wa zabibu ya Makutupora, ukimiminwa hadi ukingoni katika bilauri ya maji, na nikauonea huruma.

Asiye na fedha wala kabati la kuweka glasi kumi na mbili atafute umbo la ISO, kipimo cha kimataifa cha waonjaji kilichowekwa mwaka 1977 kutokana na glasi ya Kifaransa. Kimo chake ni milimita 155, tumbo milimita 65 penye upana zaidi, mdomo milimita 46, ujazo mililita 215. Dukani pitisha kidole ukingoni. Ukikuta uvimbe kama uzi uliokunjwa, rudisha rafuni. Mimina mililita 50, zungusha taratibu, kisha nusa kabla ya kunywa. Glasi hiyo moja inaitosha Makutupora nyekundu na Chenin blanc ya Dodoma pia.