Mwalimu Nyerere na Ushirika wa Wakulima

Tunapoadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, yatupasa tumkumbuke mwalimu mmoja ambaye katika enzi yake ushirika ulistawi, ukavunjwa, kisha ukafufuka.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baada ya masomo ya Makerere alifundisha Tabora, na aliporudi kutoka Edinburgh akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha ualimu pamoja na mshahara wake, ili akitumikie chama cha TANU kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Hata hivyo jina la Mwalimu halikumtoka kamwe.

Baada ya Uhuru wa 1961, Serikali yake ilivieneza vyama vya ushirika hata pale ambapo havikujulikana. Lakini mwaka 1976 Serikali hiyo hiyo ilivivunja vyama vikuu. Mamlaka za mazao zikashika ununuzi, na mkulima akabaki muuzaji asiye na kauli. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1984 Mwalimu alikiri waziwazi kwamba, lau angeanza upya, asingevivunja.

Aling'atuka urais mwaka 1985, akaongoza Tume ya Kusini, akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Twamheshimu kwa mengi, ila ungamo lile ndilo somo letu kubwa. Kilicholetwa kwa amri huondolewa kwa amri. Basi, ndugu wanachama, tukilinde Chama chetu kwa hisa zetu, kwa mizani ya haki, na kwa kuhudhuria mikutano.