Ng'ambo ya Barabara: Kipindi cha Dini katika Shule za Umma za Marekani

Kwa kuwa Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaikataza serikali kuanzisha dini au kuipendelea, makanisa yaliyotaka vijana wa shule za umma wafundishwe Biblia katika saa za masomo yalilazimika kubuni utaratibu wa pembeni, ambao uliwaruhusu wanafunzi, kwa idhini ya wazazi wao, kutoka shuleni kwa kipindi kimoja, kufundishwa na walimu wa kanisa, kisha kurejea darasani.

Jaribio la awali lililokita mizizi zaidi ni la Salt Lake City, Utah, ambako mwaka 1912 Joseph F. Merrill, kiongozi katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, alisimamia kuanzishwa kwa seminari mkabala na shule ya sekondari ya Granite. Seminari hiyo haikuwa chuo cha kuandaa mapadri, bali jengo dogo lenye ubao, viti na jiko la kuotea moto, lisilo na taa za umeme, ambamo Thomas Yates, mhandisi kwa taaluma, aliwafundisha wanafunzi wapatao 70 waliotumia Maandiko yenyewe kama kitabu cha kiada. Barabara iliyotenganisha majengo hayo mawili ilikuja kuwa na uzito mkubwa kisheria, ingawa waliojenga hapo walitafuta kwanza ukaribu.

Aliyeupa utaratibu huo sura ya kitaifa ni William Wirt, mkuu wa shule za Gary, mji wa viwanda vya chuma huko Indiana, ambaye mwaka 1914 aliyaalika makanisa yawachukue watoto kwa kipindi kimoja kwa wiki. Waliotoka mwaka huo wa masomo walikuwa 619, na kufikia 1947 wanafunzi karibu milioni 2 walikuwa wakishiriki katika miji na vijiji vipatavyo 2,200.

Huko Champaign, Illinois, hata hivyo, masomo hayo yalifanyika ndani ya madarasa ya shule yenyewe, na mtoto wa Vashti McCollum, ambaye hakuandikishwa, alijikuta ameketishwa peke yake wenzake wakifundishwa dini. Mama huyo alishtaki, akashindwa katika mahakama za jimbo, lakini mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba majengo ya umma na sheria ya mahudhurio ya lazima havipaswi kutumiwa kuyakusanyia makanisa wanafunzi. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Zorach kutoka New York, mahakama hiyohiyo iliuruhusu utaratibu huo kwa kura 6 dhidi ya 3, kwa sababu huko watoto walifundishwa nje ya shule. Jaji Robert Jackson, aliyepinga, aliona kwamba shule ilikuwa imegeuzwa gereza la muda kwa mtoto asiyekwenda kanisani, na hoja yake ina nguvu hadi leo, kwa maana kuhamisha somo hakumwondolei anayebaki shinikizo la kuwafuata wenzake.

Wala umbali haukumaliza suala la alama za masomo. Shule za Utah zilikuwa zimezoea kutambua masomo ya Agano la Kale na Agano Jipya yaliyofundishwa seminari, mradi yasiegemee mno mafundisho ya kanisa moja, sharti ambalo liliwafanya maofisa wa elimu kuwa wapimaji wa imani. Katika kesi ya Lanner, iliyohusu shule za Logan, mahakama ya rufani iliamua mwaka 1981 kwamba seminari iendelee na wanafunzi waruhusiwe kutoka, lakini ukaguzi wa namna hiyo ulivuka mpaka. Ikaamua pia kwamba shule isiwatume tena wanafunzi wake kufuata karatasi za mahudhurio seminari, bali walimu wa seminari wazipeleke wenyewe.