Miezi Mitatu ya Surua

Kwa kawaida surua huhesabiwa kwa siku: 10 hadi 14 tangu mtoto aambukizwe mpaka homa ianze, tatu au nne za homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha vipele vinavyoanzia usoni, vikashuka mwilini na kufifia ndani ya wiki moja hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haitoshi, na historia ya zahanati za Morogoro Vijijini yaonyesha sababu. Kuanzia 1997 wilaya hiyo, iliyokuwa na vijiji vya milima ya Uluguru kama vya Matombo na Mgeta, na wilaya ya Rufiji zilianza kutumia utaratibu wa WHO na UNICEF wa kumpima mtoto mgonjwa kwa ujumla wake. Homa na vipele vya mwili mzima, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu, vilitosha kuitambua surua. Ila mhudumu aliuliza pia kama mtoto ameugua surua ndani ya miezi 3 iliyopita, kisha akachunguza vidonda mdomoni, usaha na ukungu machoni.

Swali hilo lilikuwa na msingi. Katika utafiti wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, uliochapishwa 1987, watoto 12 kati ya 88 waliolazwa kwa surua bila kupewa vitamini A walikufa. Waliopewa, walikufa 6 kati ya 92. Idadi ni ndogo, lakini utafiti wa Cape Town wa 1990 ulifikia hitimisho hilohilo. Surua humaliza akiba ya vitamini A na kudhoofisha kinga, hivyo nimonia, kuhara na upofu humkuta mtoto ambaye vipele vyake vimeshakauka.

Wapo watakaosema kuwa macho ya mhudumu hudanganyika, kwani rubela nayo hutoa vipele. Ni kweli, na ndiyo maana damu hupelekwa maabara kuthibitisha mlipuko. Lakini tiba haiwezi kusubiri damu ishuke mlima na majibu yaupande. Wengine watasema kwamba vifo vya watoto, ambavyo kati ya 2000 na 2002 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya hizo mbili kuliko Kilombero na Ulanga, ambako utaratibu huo haukutumika, havikupungua kwa sababu ya kutibu surua pekee. Nakubali: malaria na nimonia vilitibiwa pia. Hata hivyo, huko ndiko kumtazama mtoto mzima badala ya ngozi yake. Mzazi, mpeleke mwanao achanjwe akiwa na miezi 9 na tena 18. Na akiugua surua, endelea kumwangalia kwa miezi 3.