Kuchafuliana jina: kosa lililofukuzwa kortini likarudi kupitia mtandao

Wadau, kila sheria ya mtandao inapotajwa huku, mjadala hugawanyika dakika tano za kwanza. Hawa wanasema "mnataka uhuru wa kutukana watu." Wale wanajibu "mnataka kutufunga midomo." Halafu tunarushiana maneno hadi usiku wa manane na hakuna aliyefungua sheria yenyewe. Leo siko upande wa mrengo wowote, na hutaona jina la mwanasiasa hapa. Nataka tufuate kosa moja tu, lile la kumharibia mtu jina, tuone lilitoka wapi na limefikaje kwenye simu yako. Uzi ni mrefu kidogo. Weka chai karibu.

Nianze na jambo ambalo wengi wakilisikia wanashtuka: Februari 2017, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mtu hawezi kufungwa jela kwa kumchafulia mwingine jina. Kosa hilo likafa. Miezi kumi na tano baadaye lilikuwa hai tena, tena na meno marefu zaidi. Hiyo ndiyo hadithi ya leo.

Kosa lenyewe si la kwetu. Mwaka wa 1605 huko Uingereza, mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber iliamua kwamba kuandika maneno ya kumvunjia mtu heshima ni hatia, na hatia inazidi kuwa nzito mtu huyo akiwa wa serikalini. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyeandikwa vibaya atataka kulipiza kisasi, watu watatoana damu, na amani ya mfalme itavunjika. Na usidhani ukweli ulikuwa kinga. Hata kama uliyoandika ni kweli tupu, hatia ilibaki palepale.

Huku kwetu watu walikuwa na njia zao. Mombasa na Lamu mtu aliyeguswa alijibu kwa shairi, na mji mzima ukakaa kusubiri jibu la jibu. Kwingine wazee walikaa, aliyekosa akatoa mbuzi. Lakini mkoloni alikuja na kitabu chake, Kanuni ya Adhabu ya 1930, na ndani yake kifungu cha 194: ukichapisha jambo la kumharibia mtu jina, unashtakiwa kama mhalifu. Kifungo hadi miaka 2. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, kifungu kikabaki.

Kusema kweli, kwa miaka mingi hiyo haikuwa silaha waliyoipenda zaidi. Silaha kuu ilikuwa uchochezi. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times, alifungwa kwa uchochezi miaka ya 1940 kwa sababu gazeti lake liliukosoa utawala wa kikoloni. Mwaka wa 1982, chini ya serikali yetu wenyewe, mwanahistoria Maina wa Kinyatti alipewa miaka 6 kwa kupatikana na karatasi iliyosemekana kuwa ya uchochezi. Rangi ya aliyeshika rungu ilibadilika, mashtaka yakabaki na jina lilelile.

Na pale uchochezi ulipokosa kutosha, ilitafutwa sheria nyingine yoyote iliyokuwa karibu. Jarida la Beyond, la makanisa, liliandika kuhusu uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Likapigwa marufuku, na mhariri wake akahukumiwa miezi 9 kwa kutopeleka serikalini ripoti za mauzo. Yaani makaratasi! Weka mfano huo akilini, tutaurudia.

Uchochezi ulifutwa 1997, kwenye yale mageuzi ya kabla ya uchaguzi. Kifungu cha 194 hakikuguswa. Halafu ikaja Katiba ya 2010, na baada yake simu za bei nafuu, na Facebook, na kila mtu akawa mchapishaji.

Hapo ndipo ofisi za mashtaka zilipogundua kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano. Kilisema kutuma kwa mtambo wa simu ujumbe wa matusi makubwa au wa kutisha ni kosa, miezi 3 ndani au faini ya shilingi 50,000. Maneno yake yanafanana mno na sheria ya Uingereza ambayo mizizi yake ni ya 1935, ilipotungwa kuwalinda akina dada waliokuwa wakiunganisha simu na kutukanwa na wateja. Fikiria hilo. Sheria ya kumlinda mfanyakazi wa posta ikawa ya kumkamata kijana aliyeandika kwenye Facebook kwamba afisa fulani anadai ngono ili kutoa ufadhili wa masomo. Kijana huyo, mtengenezaji wa tovuti, alishtakiwa 2015, akaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitupa kifungu nje. Alisema hakieleweki: matusi makubwa kwa kipimo cha nani?

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya 194. Ilikuwa kesi nyingine ya watu wa kawaida na posti za Facebook, na Jaji John Mativo akaamua kwamba jela ni adhabu iliyopita kiasi kwa kosa ambalo tayari lina dawa nyingine. Dawa hiyo ni kesi ya madai. Unamshtaki aliyekuchafua, ukishinda anakulipa fidia na kuomba radhi. Hakuna pingu. Uamuzi huo haukutoka hewani. Mahakama ya Afrika kule Arusha ilikuwa imesema 2014, katika kesi ya mwanahabari Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga jela kwa kashfa kulivunja haki zake. Na Waingereza wenyewe, waliotuletea mzigo huu, walikuwa wameshafuta kosa lao tangu 2010.

Kwa hiyo kufikia katikati ya 2017 hali ilikuwa shwari kiasi. Ukinichafulia jina, tunaonana kortini kama raia wawili. Polisi hawahusiki.

Sasa sikiliza vizuri. Tarehe 16 Mei 2018 ilitiwa sahihi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni. Sehemu kubwa ya sheria hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeipinga: wizi wa pesa kwa mtandao, kudukua akaunti, picha chafu za watoto, kusambaza picha za siri za mtu. Mwanamke aliyewahi kuandamwa na kundi la watu usiku kucha hahitaji kuambiwa kwa nini sheria kama hiyo inatakiwa. Hilo tukubaliane.

Lakini katikati mle waliingiza vifungu viwili, 22 na 23, kuhusu habari za uongo. Kifungu cha 23 kilisema anayechapisha akijua ni uongo, habari ya kuleta taharuki, fujo au vurugu, *au inayoweza kumvunjia mtu sifa yake*, atozwe hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Rudia hayo maneno ya katikati. Vurugu za kuangamiza mtaa na sifa ya mtu mmoja viliwekwa kwenye sentensi moja, adhabu moja.

Piga hesabu. Kosa la mkoloni lilikuwa na miaka 2. Korti ilisema 2 ni mingi mno. Bunge likajibu 10.

Wanablogu kupitia chama chao, BAKE, wakakimbilia mahakamani, na siku moja tu kabla sheria ianze kazi Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26. Vilikaa hivyo karibu miaka 2. Kisha tarehe 20 Februari 2020 Jaji James Makau akaitupa kesi na kuona kwamba sheria haivunji Katiba. Upande huo nao ulikuwa na hoja, tusijidanganye: Kifungu cha 33 cha Katiba chenyewe kinasema anayetumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Ubishi haujawahi kuwa kama sifa ya mtu ilindwe. Ubishi ni nani anatumwa kuilinda, wakili au polisi.

Muda nao! Mwezi uliofuata Korona ikaingia nchini, na kabla ya Machi kwisha watu walikuwa wanakamatwa kwa posti za Korona.

Watetezi wa sheria hupenda kuniambia: "Lakini imeandikwa *akijua* ni uongo. Kama ulisema ukweli, unaogopa nini?" Swali zuri. Jibu ni kwamba neno "akijua" linapimwa na hakimu, miezi mingi baadaye. Siku ya kwanza linapimwa na afisa aliyeletewa malalamiko na mtu mkubwa. Anakuja kwako Ijumaa jioni, simu yako inachukuliwa kama ushahidi, unalala seli hadi Jumatatu. Kesi inaweza kufa baadaye kimyakimya, wewe umeshaadhibiwa. Ile ya ripoti za mauzo za 1988, mnaikumbuka? Mwaka wa 2025 msichana aliyetengeneza ukurasa wa kuwasaidia watu kutuma maoni kuhusu Mswada wa Fedha alikamatwa Ijumaa na kushtakiwa kwa sheria hiihii ya kompyuta. Wiki chache baadaye korti ikasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote.

Na wiki iliyofuata kukamatwa kwake likatokea lile ambalo sitalirefusha. Mwalimu wa miaka 31, aliyekuwa akiandika mitandaoni, alichukuliwa nyumbani kwa wazazi wake Homa Bay baada ya afisa wa cheo cha juu polisi kulalamika kwamba amechafuliwa jina. Alisafirishwa hadi Nairobi na kufungiwa seli. Usiku huohuo akafa. Polisi walisema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo kukabwa, jambo ambalo mtu hajifanyii. Watu 6, maafisa wa polisi wakiwa miongoni mwao, walishtakiwa kwa mauaji wakakanusha. Kesi ni ya korti. Ila malalamiko yaliyoanzisha yote yalikuwa ni ya jina. Kama njia ingekuwa ni ya madai, mwalimu yule angepokea barua ya wakili.

Kwa hiyo Oktoba 2025, marekebisho ya sheria hiyo yalipotiwa sahihi na mtandao ukawaka moto, hasira haikuwa ya siku moja. Hapa lakini niwakosoe na wenzangu. Wengi mliandika kwamba faini ya milioni 20 ya kusumbua watu mtandaoni ni mpya. Si mpya, ilikuwa kwenye kifungu cha 27 tangu 2018, tulilala tu. Kilichoongezwa ni upana wa kosa, pamoja na mamlaka ya kufunga tovuti. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu hicho kwa muda.

Sasa niguse hoja ambayo upande wangu huwa hauna jibu zuri kwayo. Mama mboga akisingiziwa kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa kwamba anauza sukuma ya maji taka, biashara imekufa kesho yake. Unamwambia aende kesi ya madai. Kwa wakili gani? Kwa pesa gani? Waliofaidi kesi za madai ni wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanasiasa mmoja aliamuliwa fidia za mamilioni dhidi ya magazeti na wauza vitabu hadi maduka yakaogopa kuweka vitabu fulani kwenye rafu. Mama mboga anachomudu ni kwenda kituoni kuandikisha OB. Ndiyo maana watu wengine maskini kabisa wanaipenda sheria hii, na tukiwacheka tunakosea.

Lakini hebu ona. Mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo. Dai lisizidi shilingi milioni 1, kesi iishe haraka, unaweza kujisimamia bila wakili. Ingemfaa mama mboga kabisa. Fungua kifungu cha 13: kesi za kuchafuliwa jina haziruhusiwi huko. Bunge lilifunga mlango wa bei rahisi, na miaka 2 baadaye likafungua ule wa kituo cha polisi.

Mara ya mwisho nilipouliza huku kwa nini kifungu hicho cha 13 kiliandikwa hivyo, nilitukanwa na pande zote mbili na hakuna aliyejibu. Mawakili mlioko humu, nauliza tena.