Biashara za familia Uganda na Kenya: Hisa hugawanywa, uongozi hukabidhiwa

Nchini Uganda na Kenya, biashara nyingi huanzishwa na mtu mmoja na kukua chini ya uangalizi wake. Mwanzilishi anapofariki, maswali mawili huzuka kwa pamoja: nani atamiliki mali, na nani ataongoza kazi? Sheria ya mirathi hujibu la kwanza tu. La pili huachiwa familia, na mara nyingi ndilo linaloamua hatima ya biashara.

Kakira, Uganda

Muljibhai Madhvani, aliyezaliwa India mwaka 1894, alifika Uganda akiwa kijana. Mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kilianza kazi Kakira, karibu na Jinja. Alipofariki mwaka 1958, mwanawe Jayant alikwisha kuwa kazini, akashika hatamu. Jayant naye alifariki ghafla mwaka 1971, na uongozi ukamwangukia mdogo wake, Manubhai. Mwaka uliofuata serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia na kutwaa mali zao. Manubhai aliwekwa kizuizini kabla ya kuondoka nchini. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 familia ilirejea na kukifufua kiwanda. Kila pigo lilimkuta ndugu mwingine anayeijua kazi.

Tuskys, Kenya

Joram Kamau, aliyeanza biashara Rongai, karibu na Nakuru, alifariki mwaka 2002. Umiliki wa supamaketi za Tuskys ulikuwa bayana: wana watano asilimia 17.5 kila mmoja, na mabinti wawili asilimia 6.25 kila mmoja. Kwa mgao huo, hakuna aliyeweza kuamua peke yake. Kampuni ilikua hadi kuwa miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake nchini, lakini mzozo wa ndugu kuhusu uendeshaji ulifika mahakamani. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, ilielemewa na madeni ya wasambazaji na ya pango. Matawi yakafungwa moja baada ya jingine, na wafanyakazi wakapoteza ajira.

Sheria inasemaje

Uganda iliifanyia marekebisho sheria yake ya mirathi mwaka 2022. Asiyeacha wosia, mali yake hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mwenzi wa ndoa 20, jamaa waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba ya familia haimo katika mgao huo.

Nchini Kenya, mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu. Wosia hauvuki theluthi moja ya mali, wala hautumiki kumwongezea mrithi fungu bila ridhaa ya warithi wenzake. Kwa hiyo, mzazi hawezi kumwachia mtoto mmoja duka zima kwa wosia, hata kama ndiye hodari zaidi. Lakini kumwandaa na kumkabidhi usimamizi angali hai hakumnyang'anyi yeyote fungu lake.

Duka ambalo halijasajiliwa kama kampuni huhesabiwa kuwa mali binafsi ya marehemu. Akaunti ya benki iliyo kwa jina lake huweza kufungwa hadi msimamizi wa mirathi athibitishwe, huku bidhaa zikiisha na wadai wakibisha hodi.

Mambo ya kuamua mapema

Familia inayotaka biashara idumu huanza kwa kutenganisha hesabu za duka na za nyumbani, na kuisajili kampuni. Kisha humtaja mrithi wa uongozi mbele ya wote, awe mwana, binti au meneja wa kuajiriwa, na kumpa miaka ya kujifunza akiwa na mamlaka halisi ya kutia saini. Wasioongoza huelezwa kwa maandishi gawio lao litakokotolewaje, na mwenye kutaka kuuza hisa atazithaminishaje. Mwisho, mwanzilishi hupanga siku ya kung'atuka na kuiheshimu. Kwani mrithi anayepewa ofisi bila funguo za sefu bado hajakabidhiwa chochote.